Swali Moja kwa Shule Mbili

Jumatatu, kwenye treni ya kutoka Flemingsberg, nilisalimiana kwa Kiswahili na mama mmoja Mrundi aliyekaa na binti yake wa miaka kumi hivi. Mama amepata kazi ya kutunza wazee mashambani, mwendo wa saa nzima kutoka mjini, na wanahamia huko. Kijiji kina shule mbili, zote za bure: moja ya manispaa, nyingine ya watu binafsi kwa fedha za serikali, zile tunazoziita friskola. Binti alikwisha kuchagua hiyo ya pili.

"Ina farasi," aliniambia kwa Kiswidi.

"Farasi nimewaona," mama akasema taratibu, kisha akanigeukia. "Kaka, huyu anasoma kwa shida. Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kote kuwili na swali moja: mtoto akibaki nyuma, nani anakaa naye, na siku gani? Kule kwenye farasi, mkuu alinisifia Kiswidi changu. Kule kwa manispaa, mkuu alitoka akamwita mwalimu. Mwalimu akasema, 'Ni mimi. Jumanne na Alhamisi.'"

Binti alitazama dirishani. "Na farasi?"

"Utawatembelea Jumamosi. Nimeshaomba."

Wengi wetu huchagua shule kwa majengo na maneno ya jirani. Mama huyu alitaka mtu na siku.

Niliposhuka, nilijaribu kukumbuka jina la mwalimu wa mwanangu. Nilifika nyumbani bado nalitafuta.