Mfereji Nilioamuru Ufukiwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kaptula za khaki, upawa wa bati wenye mpini mrefu, pima maji, na kitabu cha vyeti vya agizo. Upawa ulikuwa wa kuchotea maji yaliyotuama ili tuone kama yana viluwiluwi vya mbu. Pima maji ni ule ubao mfupi wenye kichupa ndani. Povu likitulia katikati, mahali ulipouweka pako sawa. Habari ya vyeti alinieleza Bwana Mkaguzi mwenyewe, Mzungu aliyekuwa mkuu wetu, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Alisema mwenye nyumba nikimpa maneno matupu atanishukuru, atanipa kahawa, na hatafanya kitu. Nikimwandikia cheti, atafanya.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia kwisha. Nilikuwa kijana kutoka Upare, nimesoma shule ya misheni, na mji wa pwani nilikuwa naujua kwa miezi kadhaa tu. Sisi mabwana afya tulipita nyumba kwa nyumba kuwashauri watu namna ya kutengeneza nyumba zao na viwanja vyao: choo kikae wapi na kisima wapi, dirisha litobolewe upande gani, bustani isikaribiane na ukuta kiasi gani.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Temeke, chini ya Nyapara wa Mitaro, Mzaramo mtu mzima aliyesimamia wachimbaji. Yeye hakugusa kiwanja cha mtu kabla ya kukaa barazani na kuuliza habari za majirani wote, wa juu na wa chini. Mimi niliona anapoteza saa za serikali. Siku moja nilimwambia hivyo, kwa adabu. Akanijibu, "Anayekaa mahali amekwisha kupapima kabla yako." Nililiweka neno lile pamoja na mengine ya wazee, nikaendelea na safari zangu.

Mwaka wa tatu nikahamishiwa Mwananyamala, peke yangu. Huko ndiko nilikokutana na Bi Zuhura, mjane msuka mikeka, aliyekaa na binti yake katika nyumba ya fito iliyokandikwa udongo na kuezekwa madebe. Bi Zuhura alikuwa na tabia iliyoniudhi: hakufanya jambo la nyumbani kwake bila kuuliza watu. Akitaka kuhamisha jiko, alimuuliza muuza kahawa, akamuuliza shemeji yake, akamuuliza mpita njia aliyesimama kuomba maji. Kisha alikaa na majibu yote siku kadhaa, akisuka, ndipo akaamua.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mfereji wa zamani, na pembeni yake alipanda bamia na bilinganya. Nilichovya upawa katika mfereji ule, ukatoka umejaa viluwiluwi. Nikamwambia aufukie wote. Yeye, kama kawaida yake, akaita watu. Jirani yake Mzee Kibwana, aliyezaliwa hapohapo, alisema mfereji ule ulichimbwa na watu wa kwanza kukaa pale, nao ndio unaoyapeleka bondeni maji ya masika. Ushauri wake ulikuwa usafishwe, magugu yang'olewe, na uongezewe mteremko ili maji yasilale.

Nililaza pima maji yangu chini mbele ya watu wote. Povu likatulia katikati. Nikasema ardhi iko sawa, maji yatanywewa na mchanga. Mzee Kibwana alipotaka kuongeza neno nilimkatiza nikisema ushauri ni wa watu wote, lakini cheti ni kimoja. Watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Bi Zuhura hakucheka. Aliuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa ndiye unayelala humu ndani, ungeufukia?"

Nikasema ningeufukia. Hakumuuliza mtu mwingine. Yeye na binti yake walibeba mchanga kwa vikapu kwa muda wa wiki mbili, na mwisho wakapanda bamia juu yake. Niliandika ripoti ya kuisifu kazi ile, na Bwana Mkaguzi akaipenda.

Masika yalipoingia, siku ya tatu ya mvua, kama saa nne asubuhi, niliitwa. Maji kutoka mtaa wa juu yalikuwa yamefika kwenye mfereji, yakakuta hakuna mfereji, yakapita ndani ya nyumba. Udongo wa ukuta wa nyuma ulikuwa umelainika ukaanguka na boriti zake. Boriti moja ilikuwa imemwangukia Bi Zuhura mguuni, naye alikwisha kutolewa na kulazwa kwenye mkokoteni apelekwe hospitali. Binti yake alimfunika kwa mkeka uliosukwa nusu. Nilisimama kwenye maji ya magotini, pima maji iko kwapani, nikaielewa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na urefu wa mkono mmoja. Ilipima pale ilipolala, haikupima mtaa.

Hakuna aliyenitukana. Mzee Kibwana alinipa jembe tu, akaniambia tufukue. Tulifukua mpaka alasiri, na maji yalipopata njia yake yaliondoka upesi, kana kwamba yalikuwa yakisubiri kuruhusiwa.

Nilimtazama Bi Zuhura wodini siku iliyofuata. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini aliniwahi.

"Nyumba itajengwa upya," akasema. "Sasa unanishauri nini?"

"Sijui, Bibi," nikamwambia. "Nitamuuliza Mzee Kibwana."

"Hapo ndipo ulipopaswa kuanza," akasema, akageukia ukutani.

Niliandika ripoti ya pili, nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba nilikuwa nimeonywa. Bwana Mkaguzi aliniita ofisini. Alisema nikiyaacha maneno yale humo, kila mwenye nyumba atakayesikia atakataa cheti. Nikamwomba yabaki. Akachukua kalamu, akasema, "Ripoti yako ya kwanza niliisifu. Sikukuuliza swali hata moja." Akatia sahihi. Kupandishwa cheo mwaka ule nikakukosa, na nikapelekwa Kunduchi.

Kunduchi nilianza kazi upya. Malalamiko yalikuwa inzi kwenye nyumba zilizo karibu na vichanja vya kuanikia samaki. Zamani ningeandika cheti vichanja vivunjwe. Safari hii niliwauliza wanawake waanikaji, nao wakabishana kutwa nzima, wakanionyesha mahali ambapo upepo hauelekei nyumbani miezi mingi ya mwaka. Wakavihamisha wenyewe. Tangu hapo kila ripoti yangu ilikuwa na kifungu nilichokiongeza mwenyewe: majirani wanasemaje.

Bi Zuhura alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Nilikuwa nikienda kumwamkia, naye hakuacha kuniuliza habari za nyumba yake, ingawa kila mara alinikumbusha kwamba mimi ni mmoja kati ya wengi anaowauliza.

Nilipostaafu nilijenga Temeke. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii sasa mna vyombo bora kuliko vyetu, nami nafurahi. Lakini niwaambie jambo nililochelewa kulijua hata baada ya hayo yote. Mwaka wa kwanza wa kustaafu, binti mmoja wa afya alipita kwangu. Akaniamkia shikamoo, akazunguka ua, akaniambia kwa upole kwamba shimo langu la maji machafu liko upande wa juu wa kisima, na uchafu unashukia humo. Nilitaka kumkatalia. Nilipotazama vizuri, alikuwa amesema kweli. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeyanywa maji ya kisima kile miezi minane.

Nilikwenda kwa jirani yangu, fundi Athumani, aliyenichimbia shimo lile. Nikamuuliza kama hakuliona kosa. Akainamisha uso, akasema aliliona tangu jembe la kwanza, na mkewe aliliona, na wa nyumba ya pili pia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mzee, wewe ndiye bwana afya. Nani angekufundisha kazi yako?"

Nilikuwa nimejifunza kuuliza watu habari za nyumba zao, na ya kwangu sikumuuliza mtu. Nilimwomba aje kesho yake na majembe, pamoja na yeyote mwenye neno. Walikuja sita. Walibishana mpaka jua likawa kali, huyu anasema pale, yule anasema hapana. Mimi nilishika kamba ya kupimia, nikamfuata kila aliyeniita.