Nilivyopokonywa Kipaza Sauti Voi

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumanne, niliondoka Ronge na mke wangu, Mama Mghoi. Nilikuwa nimesikia kwamba gari la sinema litafika Voi na linatafuta mtu wa kutafsiri Kiingereza kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na taa ya mafuta, na kazi hiyo niliitaka sana.

Mwatate tulipanda basi. Njia nzima nilirudia maneno magumu. Mama Mghoi alilala.

Voi tulifika kabla ya adhuhuri. Dereva wa gari la sinema, kijana wa Mombasa, alinijaribu kwa sentensi mbili, akaridhika. "Ukifanya vizuri, mzee, kesho tunakwenda nawe hadi Taveta."

Jioni kitambaa cheupe kilitundikwa karibu na stesheni. Zilikuwa picha za kuchorwa, lakini zinatembea kama watu. Binti wa mfalme amefungiwa mnarani. Kijana mwenye farasi anavunja mlango, anambeba, wanaoana. Nilitafsiri kila neno. Wanawake waliokaa mbele wakaanza kuguna.

"Mwalimu, mjomba wake ameshakunywa pombe ya mahari?" mmoja aliuliza.

"Haikusemwa."

"Na yeye mwenyewe amekubali?"

"Hasemi kitu."

"Kumbe ni bubu! Maskini, na uzuri wote huo!"

Wakacheka. Hapo Mama Mghoi, aliyekaa katikati yao, akadakia: "Si bubu. Anamwambia, nishushe, farasi wako ananuka. Nenda kwanza kwa mjomba wangu. Nikikutaka, nitakuja kwa miguu yangu."

Uwanja ukalipuka. Dereva alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu, kwa adabu, akampelekea Mama Mghoi, kisha akairudisha picha mwanzo. Safari hii binti alikuwa na mashangazi, ufunguo kiunoni na maneno mengi. Hakuna hata moja lililokuwa sahihi. Nilisimama nyuma ya gari, nikimwonea mke wangu wivu ambao sijapata kumwonea mwanamume yeyote.

Asubuhi dereva alimwita. "Mama, leo Salaita, kesho Njukini, huko huko Taveta. Twende?"

"Nani atakamua mbuzi?" niliuliza.

"Baba Mghoi, nawe una mikono," alisema mke wangu, akapanda mbele.

Nilirudi Ronge peke yangu. Nilichojifunza nakiandika bila kukipenda: wale wanawake walitaka kujua binti anasemaje, na jibu hilo halimo katika kamusi yangu. Nauli ya Mama Mghoi ya kurudi sikuilipa. Niliokoa shilingi moja na senti hamsini.