Mshahara wa Mama Kola

Mwanamke huyo walimwita Mama Kola kwa sababu miaka kumi na saba, katika kiwanda cha kushona sare za shule, alishona kola tu, na hakuna kola yake iliyowahi kurudishwa. Jina hilo alilipenda. Ila sifa haijazi sufuria.

Mkataji wa vitambaa alipougua mgongo, bosi alimwomba Mama Kola asimamie meza ya kukatia "siku mbili tatu hivi." Siku mbili tatu zikazaa miezi miwili. Alitandika vitambaa tabaka themanini, akachora kwa chaki, akapitisha mkasi wa umeme. Alijua kuibananisha michoro ya mikono na mifuko hata vitambaa vikawa vinabaki. Bosi akamsifu weee mpaka akachoka. Mshahara ukabaki ule ule wa kola.

Kisha mkataji akaacha kazi kabisa, na Mama Kola akaenda ofisini kuiomba nafasi yake. Aliitaka kwa moyo wote. Walikuwa wakilala chumba kimoja, yeye, mumewe na watoto wanne, wamekigawa kwa pazia, na mwanawe mkubwa sasa alikuwa na ndevu. Chumba cha pili kilikuwa kimepatikana nyumba hiyo hiyo. Kilichokosekana ni kodi.

"Ile kazi ya kiume, mama," bosi alisema. "Mkasi mzito."

"Miezi miwili nimeubeba kwa kitu gani, kope?"

"Halafu huna cheti. Na mishahara sipangi mimi, linapanga soko."

"Soko gani hilo? Ninakonunua mimi, nyanya za mwanamke na za mwanamume bei moja."

Bosi akacheka, akachukua simu yake. Wiki iliyofuata akaletwa mwanamume mwenye cheti kilichopigwa plastiki.

"Mama Kola, mwelekeze kidogo," bosi akasema.

Amwelekeze! Yaani asiyeifaa kazi ndiye amfundishe anayeifaa! Mama Kola alimeza mate machungu, akamwonyesha.

Mgeni mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mchana, wote wakiwa wanakula, aliuliza bila kificho, "Jamani, ninyi hapa mnalipwa ngapi? Mimi wamenipa laki nne na nusu."

Vijiko vilisimama. Pale kiwandani mshahara haukutajwa. Ulikuja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na bosi alikuwa na msemo wake, kwamba mshahara ni nguo ya ndani, hauanikwi. Nao, wajinga wa Mungu, walidhani hiyo ni adabu.

"Laki mbili na ishirini," Mama Kola alisema kwa sauti, damu ikimchemka. "Miaka kumi na saba! Haya, semeni na ninyi."

Mmoja akataja, wa pili akataja. Wifi yake, dada wa mumewe, aliinamia chakula chake. Mama Kola ndiye aliyemleta pale miaka tisa iliyopita, akamshika mkono kumfundisha kuingiza uzi kwenye cherehani.

"Na wewe, wifi?"

"Laki mbili na tisini," wifi akanong'ona. "Usinitazame hivyo. Siku ya kwanza bosi aliniuliza nataka ngapi, nikataja. Kwani wewe ulimwambia nini?"

Mama Kola alikumbuka vizuri alichosema. Alisema, "Chochote utakachonijalia, bosi," akainamisha kichwa, kwa kuwa nyumbani kwao mwanamke wa heshima hataji bei. Heshima ile ilikuwa imemla miaka kumi na saba. Alimchukia bosi, akamchukia wifi kwa kunyamaza miaka tisa, akajichukia mwenyewe kuliko wote.

Makelele yalimleta bosi. "Kuna nini? Mezani kuna tabaka themanini, mzigo unatoka kesho!"

"Sikati, wala simwelekezi mtu," Mama Kola alisema. "Nataka laki nne na nusu."

"Umerukwa na akili? Haya, wengine wote, kazini! Asiyetaka, mlango ule pale."

Wakatazamana. Mama Kola akasubiri. Kisha cherehani moja ikaanza kulia, halafu nyingine, halafu zote. Hakuwa na haja ya kugeuka kuona ni ya nani iliyotangulia. Sauti ya cherehani ya wifi yake aliijua.