Kumfuata Mbuyi Musumba

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya barua ya mistari mitatu. Mwaka ule wa kufukuzana, watu wa asili ya Kasai walipoanza kupigiwa kelele warudi kwao, nilimpeleka mke wangu Mbuyi, ambaye asili yake ni huko, na watoto wetu wawili kwa mama yangu, kijijini Musumba, nikaahidi kuwafuata upesi. Kisha kiwanda cha shaba nilichokuwa mkemia wake kikasimama, nami nikasimama pamoja nacho. Zaidi ya mwaka nilikaa kitini nikirudia neno moja: haiwezekani. Ndipo mchuuzi mmoja akaniletea barua ya Mbuyi: "Kolwezi walinifukuza na makelele. Weye unanifukuza na kunyamaza. Mvua ya kwanza ikinyesha, nabeba batoto, naenda Kasai."

Kiangazi kilikuwa ukingoni. Asubuhi ya Jumatatu nilitoka na baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga, imebeba gunia la chumvi la kubadilisha kwa chakula njiani. Nje ya mji niliungana na Tata Kabwita, baba mmoja msukuma kinga aliyekuwa akirudi kwake Sandoa, nikamweleza habari ya ile barua. Alinifungia fimbo mbili, moja kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, maana kinga yenye mzigo haipandwi. Husukumwa kwa miguu.

Siku ya tano, baada ya Mutshatsha, tulifika kwenye kilima kirefu. Desturi ya wasukumaji ni kupandisha kinga moja watu wawili, kisha kushuka kuifuata ya pili. Mimi nikaona kupanda mara mbili ni kupoteza nguvu, nikasukuma peke yangu. Katikati ya kilima kinga ilinipindua, gunia likaviringika hadi kijitoni. Nilipolitoa, chumvi ilikuwa karibu yote imekwisha kuyeyuka.

Kabwita alicheka mpaka akaketi. "We tata wa diplome, mayi na chumvi, habakukufundishaka ile ku iniversite?"

"Mi narudia Kolwezi," nilisema. "Nilijua siwezi."

"Utarudia kwa nani? Bibi yako iko mbele. Kamata kinga yangu tupandishe, kisha tushuke kukamata yako."

Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Niliona kwamba njia nzima hakutazama kilele hata mara moja, alitazama gurudumu.

Tulipofika Sandoa, mke wa Kabwita alitupakulia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Tukiwa tunakula, mvua ya kwanza ikapiga bati. Niliweka tonge chini. Lile neno langu la zamani lilikuwa tayari mdomoni.

Mama yule, aliyekwisha kusimuliwa habari ya barua, akanitazama. "Tata, mvua hainyeshe fasi yote, huku na Musumba, siku moya. Kula mbio, wende."

Nikala, nikaenda, safari hii peke yangu.

Musumba niliingia adhuhuri, siku ya nne tangu Sandoa. Madimbwi yalijaa uani kwa mama, na mizigo iliyofungwa kamba ilikuwa mlangoni. Mbuyi alitazama viatu vyangu vilivyopasuka, kisha viganja vyangu.

"Kazi iko?"

"Hakuna."

"Mushahara?"

"Hakuna. Nilisikia haya kuja mikono mitupu."

"Kumbe leo uko na nini?"

"Malengelenge."

Alitaka kununa, akashindwa. Nilimwuliza kwa woga kuhusu mvua. Aliyatazama madimbwi yale.

"Ile haikuwa mvua," alisema. "Manyunyu tu."

Tulirudi Kolwezi polepole, mtoto mdogo juu ya kinga, maana Mbuyi alisema makelele ni afadhali kuliko kunyamaza. Karibu na Mutshatsha nilikiri kwa Mbuyi kwamba mwaka mzima niliamini siwezi lolote.

"Ulimuuliza nani?" alisema.

Sikuwa nimemuuliza mtu. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile: kushindwa kwangu kulikuwa hukumu niliyojisomea peke yangu, chumbani, kabla ya kesi.

Kolwezi tulifika mchana. Kiwanda kilikuwa kimya vilevile, na majirani, wale wale wa makelele, walisimama barazani wakitutazama. Mbuyi alininong'oneza tupitie mlango wa nyuma. Nilifungua wa mbele, nikawasalimu wote, mmoja mmoja kwa jina lake, kisha nikamshika mke wangu mkono tukaingia.