Niliyemtafsiria Bado Anauliza

Hutaniamini, najua. Mke wangu mwenyewe haamini, na tunalala kitanda kimoja. Lakini nilimwona kwa macho haya, huku Marekani, mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kijapani, visa vinne ndani ya diski moja, vyote vya kupigana kwa panga na kulipiza kisasi. Kijapani mimi nikijulie wapi? Nilikuwa natunga tu. Kwenye kisa cha mwisho mtu anamuua aliyemuua baba yake, kisha anasema maneno machache. Nilitafsiri hivi: "Sasa baba amelala, nami nitalala." Watu walipiga makofi.

Elia, fundi baiskeli wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, aliirudia filamu ile kila Jumapili baada ya ibada. Aliniita Yaya, yaani kaka mkubwa. Baba yake aliuawa kwao, na muuaji alijulikana. Siku moja Elia akavuka ziwa kurudi kwao, akamuua yule muuaji. Wiki haikuisha, naye akauawa. Nilipoambiwa sikulia. Mpaka leo sijalia.

Mwaka 2015, tukiwa tumeshaletwa Marekani, nikaikuta filamu ileile kwenye duka la mitumba, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nilitoka shifti ya usiku, mke yuko kazini, watoto shuleni, nikaiweka. Ile sehemu ya mwisho ikafika. Nikasoma polepole: "Nimemuua, na uchungu haujapungua."

"Yaya, iko anasema nini?"

Elia alikuwa amekaa kwenye zulia, karibu na runinga, kama alivyozoea. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Unadhani nilipiga kelele? Wala. Nilijisikia mchovu tu.

"Miye nililipiza, Yaya. Sijapumuzika ata kidogo. Anasema nini pale?"

Ningesema ukweli, angejua kwamba alikufa kwa uongo wangu. Nikamjibu, "Anasema atalala."

"Bon," akasema, yaani sawa, akaendelea kungoja.

Diski niliitupa. Tulihamia Columbus, sasa tuko Buffalo, mtaa wa Riverside, na runinga hatuna. Nikirudi kutoka kazini namkuta Elia amekaa. Ananiuliza lilelile, namjibu lilelile, kisha nachemsha chai. Siogopi tena, na hilo ndilo baya.

Basi wewe unayewatafsiria wazee hospitalini na maofisini, usipojua, sema sijui. Ukishatunga, kuna mtu atakwenda kuyafuata maneno yako. Mimi siku hizi ukweli naujua, na bado unanishinda kuusema.