U ya Mlango wa Darasa

Krrr. Kalamu iliyokwisha wino, ikiburutwa kando ya rula juu ya kadibodi ili ikunjike bila kupasuka. Hiyo ndiyo sauti ya binti yake iliyogoma kutoka masikioni mwa Mama Maboksi. Si kicheko chake, wala kikohozi cha siku zile za mwisho. Krrr tu, kutoka meza ya jikoni.

Jina la Mama Maboksi lilitokana na kazi: alikunja maboksi ya keki na kuwauzia waokaji wa mtaa mzima. Maboksi hayo ndiyo yaliyomsomesha binti huyo, kitinda mimba wake, hadi akawa mwalimu wa chekechea. Naye mwalimu akaipeleka kazi ya mama darasani, akawafundisha watoto kuunda herufi za karatasi zenye unene, zinazosimama zenyewe kama vijumba. Walikuwa wakitengeneza KARIBU, ya kubandikwa juu ya mlango. Maradhi yalimchukua wakiwa wamebakiza U.

Mwalimu mkuu alipomwita, alikwenda kwa shingo upande.

"Mama, watoto wamekataa mwalimu mpya asiiguse ile U. Wanasema ana papara."

Wakamletea ile U. Uso wa mbele ulikuwa umeshagandishwa kwenye kuta zake. Wa nyuma ulikuwa pembeni, umekatwa tayari. Mama Maboksi akachungulia ndani. Penye mpindo palikuwa na penseli, mwandiko wa binti yake, wa kuinamia kushoto: *hapa polepole*. Ndivyo alivyokuwa akimwambia binti yake utotoni, kila vidole vyake vidogo vilipofika kwenye kona ya boksi.

Uso wa nyuma ukishagandishwa, maneno yale yangebaki gizani. Kuyaona tena, mpaka herufi ichanwe.

"Bibi, ukuta unakatwa meno ukingoni, ya kupaka gundi, ndipo upinde," akamwelekeza msichana mmoja aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ambaye darasa zima lilimwita Kibogoyo.

"Meno unayajua wewe?" mwenzake akamchokoza. "Yako yako wapi?"

"Yanakuja! Yako yapo, lakini huyapigi mswaki!"

Darasa likaangua kicheko. Mama Maboksi naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akanyamaza ghafla kama aliyefumaniwa.

Mikono yake ikaingia kazini. Akakata kipande cha ziada, akakigandisha ukingoni mwa uso wa nyuma kama ulimi, akauchomeka ndani ya ukuta. Meno ya ukuta hakuyapaka gundi hata moja.

"Haya, tayari."

Kibogoyo akaigeuza herufi. Ulimi ukachomoka, uso ukafunguka.

"Bibi! Umetengeneza boksi! Herufi haifunguki."

"Mazoea, mjukuu wangu. Boksi likigandishwa, keki itatokaje?"

"Humu hamna keki."

"Hamna," akaitikia.

"Na isipofungwa itaachia pale juu, ianguke, watu waikanyage."

Mama Maboksi akaigeuza herufi mikononi. Angeweza kuomba aende nayo nyumbani, na hakuna mtu mzima ambaye angemkatalia. Lakini watoto walikuwa wamemzunguka, wengine wamepiga magoti, vidole vimekauka gundi, wakiingojea. Akapitisha kidole juu ya ile penseli, taratibu, asije akaifuta. Kisha akaung'oa ule ulimi, akachukua brashi, akapaka gundi jino baada ya jino, akizunguka mpindo wote.

Akaushika uso wa nyuma juu ya herufi. Mkono ukasita. Akachungulia mara moja tena, akaushusha.

Vidole vya watoto vikavamia kila upande kubonyeza. Vya kwake vilikuwa penye mpindo, pamoja na vya Kibogoyo. Wenzao wakachoka mapema, wakainuka mmoja mmoja kukimbilia nje. Kibogoyo naye akaanza kuinua mkono.

Mama Maboksi akauwekea wake juu, akamwinamia sikioni.

"Usiachie kwanza," akasema.