Kompyuta ya Baba Iliyoongezwa Mbio

Baba alipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, alichukua kiinua mgongo chake chote, akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi Same na kompyuta. Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, na kila aliyepunguzwa alikuwa na mpango wake: huyu kanunua mashine ya kusaga, yule kafungua meza ya mitumba. Baba alikuwa karani maisha yake yote, akaona afungue ofisi ya kuchapa barua za watu na mitihani ya shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma, nikapelekwa kujifunza kuchapa.

Aliyemuuzia alimwambia kwamba mashine ni mtumba, ila yeye mwenyewe ameiongezea mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. Baba alilirudia neno hilo kwa kila aliyeingia ofisini, kama mtu anayesifia ng'ombe wake wa maziwa. Hakuna aliyetuambia kwamba mbio zile huzaa joto, na joto ni kitu ambacho Same hatujawahi kupungukiwa nacho. Ikifika saa tano, bati likishaanza kulia, kioo kinaganda, halafu giza, na barua ya mtu imepotea yote.

Basi ukaanza uuguzi. Tulifungua ubavu wa mashine, tukaielekezea feni ya mezani. Feni ikaijaza vumbi, maana upepo wa Same hausubiri kukaribishwa. Tukaning'iniza dirishani gunia la katani tulilolilowesha maji, ili upepo upite hapo uingie na ubaridi kidogo. Mimi namwagia gunia maji, na mama anahangaika kutafuta ya kupikia. Aliniangalia tu, na kuangaliwa kule kuliniuma kuliko kutukanwa.

Baba alizaliwa juu milimani, kwenye vijiji vya ndiva, yale mabwawa ya udongo yanayoachwa yajae usiku, yakafunguliwa asubuhi, kila mwenye shamba akapata maji kwa zamu yake. Kwake yeye kila kilichokuwa haba kilitunzwa hivyo. Akaamua na mashine nayo ifanye kazi kwa zamu: ikipata joto tunaizima, ikipoa tunaiwasha. Waliokaa kwenye benchi wakisubiri barua zao aliwaambia, "Vumilieni kidogo, inajaa." Wapare wenzake walielewa, wakakaa. Wale waliotoka Kigoma na Iringa kuja kukata mkonge walitazamana, wakaenda zao kwa mama mmoja mwenye taipureta karibu na stendi. Taipureta haina haja ya kujaa.

Mwishowe alikuja fundi kutoka Moshi, kijana mwenye maneno mengi. Alimwamkia baba, akachungulia ndani ya mashine, akacheka. Alifuta vumbi, akapaka dawa nyeupe kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea, kisha akanionyesha kitufe cha kubonyeza mashine inapowaka na mahali pa kuirudishia mbio za kiwandani.

"Mzee, kwa joto la huku mtaiua hii," alisema. "Barua haitaki mbio zote hizi. Ipunguzeni tu, itaishi."

"Tuipunguze?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimepunguzwa mimi," baba akasema. "Hii haipunguzwi."

Nilidhani anatania, nikacheka peke yangu. Nilikuja kuelewa taratibu. Kiinua mgongo chake kilinunua zile mbio, si kile chuma. Kuziondoa kungekuwa kukubali kwamba miaka yote ya ukarani imempatia mtumba wa kawaida, na kwamba aliyemuuzia alicheka baba alipompa mgongo. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumshika mabega nimtikise. Wala nisingeweza kuipunguza kwa siri, kwa sababu mashine ikiwaka tu iliandika mbio zake kwenye kioo, na baba alisimama nyuma yangu kila asubuhi kuzisoma.

Mwezi wa pili sekondari moja ikatuletea mitihani. Kazi kubwa kama ile hatujawahi kuipata, na sote nyumbani tulijua kwamba ikienda vizuri, shule nyingine zitafuata, na ikienda vibaya ofisi imekufa. Siku hiyohiyo bomba likakauka. Kufika saa saba gunia lilikuwa gumu kama ngozi, na upepo uliopita hapo ulikuwa wa moto. Nikamwambia baba tuizime. Aliangalia benchi, ambapo mwalimu alikuwa amekaa amekunja nne, akingoja.

"Malizia huo ukurasa," akasema.

Kwanza kioo kiliganda, kisha ikatoka harufu kama ya nywele zinazoungua. Mwalimu aliinuka, akakusanya karatasi zake, akasema atapita siku nyingine. Alituaga kwa adabu sana, na kwa adabu ile nikajua kwamba harudi.

Nilizima, nikangoja, nikawasha. Feni ya ndani ilizunguka, lakini kioo hakikuleta kitu. Baba alifunga mlango wa mbele, akaja.

"Ipunguze," akasema.

"Baba, imeungua. Haiwaki."

"Nimekusikia, mwanangu. Ipunguze."

Nilikaa, nikabonyeza kile kitufe nilichofundishwa, nikakibonyeza tena na tena mbele ya kioo cheusi, na baba amesimama nyuma yangu, anasubiri kusoma.